Una Kifua?

Redio hakuwa na siri, na hilo lenyewe halikuwa siri. Mtaa mzima ulijua, na yeye ndiye aliyeutangazia. Ukimnong'oneza jambo asubuhi ukamsihi alifunike, atakuapia kwa marehemu mama yake kwamba likifika kwake limefika kaburini, na jua likisogea kidogo utalikuta neno lako limekutangulia sokoni, tena limenenepa. Roho mbaya hakuwa nayo hata chembe. Mdomo tu ndio haukumkaa. Alikuwa msusi, na msusi hukaa na kichwa cha mtu mapajani tangu chai ya asubuhi mpaka alasiri. Sasa mlitaka wazungumzie nini muda wote huo, hali ya hewa?

Basi mikono yake ilipoanza kutetemeka, mtu wa kwanza kujua alikuwa kila mtu. Ilianza kidogo tu, akishika kikombe. Ikahamia kwenye kitana. Halafu ikafika kwenye misuko yenyewe, mistari ikaanza kupinda, na mteja mmoja akatoka saluni ana njia kichwani inayokwenda kama mlevi anayetafuta kwao. Hapo Redio akaona mzaha umekwisha. Mikono ndiyo iliyomlisha, mdomo ulikuwa huduma ya bure. Akavaa viatu vyake vya kutokea, akaenda kliniki.

Kliniki ilikuwa juu ya duka la magodoro, unapanda ngazi mpaka ukifika umeshajua kama moyo wako ni mzima au la. Daktari wake alikuwa binti mwembamba wa miwani, aliyefika mwanzoni mwa mwaka na vyeti vyake na Kiswahili chake cha chuoni. Kiswahili hicho kilimtesa mno siku za mwanzo. Alimuuliza mzee mmoja, kwa adabu zote, kama ana historia ya mzio. Mzee akafikiri, akajibu kwamba historia aliisoma vizuri shuleni, ila huko kwenye mzio hawakufika. Daktari akaandika "hana" na usiku hakulala kwa aibu.

Toka siku hiyo akaapa kuzungumza kama watu wanavyozungumza. Akaacha vitabu, akategesha sikio. Kwenye benchi la kusubiria akajifunza tumbo la kuendesha, presha ya kupanda, kichwa cha upande mmoja. Akagundua pia kwamba neno pumu watu hawalipendi. Mama akiulizwa kama mtoto ana pumu, anakataa kama aliyesingiziwa wizi. Ukimuuliza kama mtoto ana kifua, anakubali na kukuhadithia tangu alipozaliwa. Kwa hiyo daktari akalitupa neno pumu kapuni, akawa anauliza kifua. Una kifua? Kifua kinakusumbua? Wagonjwa walimpenda kwa hilo, wakasema huyu binti si wa mapozi. Naye alijisikia vizuri, mnajua tena mtu akisifiwa. Kumbe ndiyo anajipalia makaa.

Siku Redio alipoingia chumbani, daktari alimpima kama inavyotakiwa, wala tusimsingizie uzembe. Alimwambia anyooshe mikono mbele, akaweka karatasi juu ya vidole, karatasi ikatikisika yenyewe. Akampa kalamu achore duara la konokono, konokono akatoka na meno. Akapima presha, akahesabu mapigo, akagusa shingo kutafuta uvimbe, akaweka chombo kifuani na mgongoni, akasikia pumzi safi kabisa. Muda wote huo Redio alikuwa akimsimulia habari za mwenye duka la magodoro na mashemeji zake, ikabidi aombwe kunyamaza ili moyo usikike.

Halafu maswali. Amewahi kuzimia? Hapana. Amewahi kuambiwa moyo wake unapiga taratibu mno? Hapana. Ana sukari? Hana. Kuna dawa yoyote anayokunywa? Hakuna. Daktari akafika kwenye swali la mwisho, lile ambalo kwa dawa aliyokuwa nayo kichwani ndilo zito kuliko yote, akaliuliza kwa ile lugha yake mpya ya mtaani.

"Una kifua, mama?"

Redio akanyamaza. Redio! Akatazama mlango kama umefungwa vizuri, akasogeza kiti, akashusha sauti.

"Mwanangu daktari, sitakudanganya. Mimi kifua sina. Sina kabisa."

Daktari akafurahi kupata jibu lililonyooka hivyo. Akaandika. Akamweleza kwamba atampa vidonge vya propranolol, kipimo kidogo kwanza, kimoja asubuhi na kimoja jioni, vitatuliza mikono na moyo pamoja. Akamwonya asije akaviacha ghafla siku mikono itakapotulia, maana moyo uliozoea kushikwa ukiachiwa kwa mara moja unaweza kurusha mateke. Na akisikia kizunguzungu, arudi. Redio akaitikia kila neno, lakini akili yake haikuwepo. Alishuka zile ngazi na vidonge vyake mkononi, moyoni amejaa jambo moja: huyu binti alitaka kuniambia nini?

Maana wewe mwenyewe fikiria. Mtu anakuuliza una kifua, yaani unaweza kutunza siri, halafu ukimwambia ukweli kwamba huwezi, anainamisha kichwa na kuanza kuandika. Si ana jambo huyo? Tena zito.

Kesho yake daktari alipofika kazini, mlinzi wa chini alimpokea kwa upole wa msibani na kumwambia ajikaze, dunia ndivyo ilivyo. Hakuelewa, akashukuru. Mgonjwa wake wa kwanza, mwenye jipu, alimwambia kwamba hata dada yake aliachika na sasa ananawiri kuliko zamani. Wa pili akamtazama tumbo muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Mama mmoja aliyeleta mtoto kupimwa uzito akamuuliza, kama kwa bahati mbaya, hivi chuo chake cha udaktari kilikuwa upande gani, na walimaliza wote au wengine walikatishwa njiani. Daktari akaanza kujitazama kwenye kioo cha dirisha kama kuna kitu usoni.

Ilipofika saa ya chai akaenda kwenye dirisha la dawa. Mfamasia wa kliniki ile alikuwa mzee mmoja mnene aliyejua kila kidonge na kila mtu, na daktari alimwita mzee wangu kwa sababu hakuwa na mwingine hapo wa kumwita hivyo. Akamuuliza kulikoni leo, mbona watu wanamtazama kama maiti iliyosimama.

Mzee akakoroga chai yake polepole. Alijua, na alikuwa anaona raha kujua. Akamwambia kwamba habari imetoka saluni: daktari ana siri kubwa. Siri yenyewe haijajulikana, ndiyo maana kila mtu anajaribu yake; wengine wanasema ndoa, wengine mimba, wengine vyeti. Yeye binafsi alikuwa upande wa ndoa.

"Siri? Nani kasema?"

"Redio. Kasema jana ulimuuliza kama ana kifua, na yeye kwa uaminifu akakwambia hana. Ukaufyata, ukaandika. Sasa watu wanataka kujua ulikuwa unataka kumwambia nini."

Daktari alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani na kufuta machozi, akashika ukingo wa dirisha, akasema jamani, mimi nilikuwa namuuliza kifua, kifua cha kupumulia! Mzee naye akacheka, chai ikamwagika kwenye sahani. Walikuwa bado wanacheka wakati kicheko cha daktari kilipokatika katikati, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Kama Redio alijibu swali la siri, basi lile la pumu hajajibu.

Akamuuliza mzee, sauti imembadilika, kama anajua lolote kuhusu Redio na pumu. Mzee akashangaa kuulizwa. Nani asiyejua? Redio mwenyewe amewasimulia watu wote jinsi alivyokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni usiku, jinsi mama yake alivyokuwa akimkalisha dirishani apate hewa, jinsi pumu ilivyomwacha alipozaa mtoto wa kwanza, na jinsi bado anatembea na kile kipulizio cha bluu kwenye mkoba kwa ajili ya kumbukumbu tu. Mtaa mzima unajua. Ndiyo hivyo: mwanamke asiyeficha kitu duniani, ungeitaja tu pumu kwa jina lake angekupa kisa kizima na majina ya waliohudhuria, na daktari peke yake ndiye aliyekosa habari.

Mzee akaacha kijiko. Yeye ndiye aliyetoa vidonge, na karatasi iliyomfikia iliandikwa kwamba hana pumu, naye akaiamini karatasi kuliko alichokijua. Wote wawili walijua propranolol ni ya namna gani. Haichagui. Unaituma ikafunge mlango mmoja wa moyo, yenyewe inapita inafunga na ya njia za hewa, na mwenye pumu, hata pumu iliyolala miaka, anaweza kuamka amebanwa. Mbaya zaidi, kile kipulizio cha bluu kinagonga milango ileile. Kikikuta imeshafungwa, kinaweza kupuliza mpaka kiishe bila kusaidia cha maana.

Daktari alichukua mkoba wa dharura na kushuka ngazi mbio. Mlinzi akamwona anavyokimbia, akaamini mume amekuja.

Saluni haikuwa mbali, lakini ukiwa unakimbia na koti jeupe kila mtu anataka kukusalimia. Alifika anatweta. Ndani mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inanguruma, hewa nzito kwa dawa za kupulizia, wanawake wamejaa kwenye viti na kwenye mikono ya viti. Redio alikuwa kwenye kigoda chake, kichwa cha mteja mapajani kimesukwa nusu, nusu nyingine imesimama. Mikono yake, tuseme kweli, ilikuwa imetulia. Mistari ilikuwa imenyooka kama ya rula.

Alikuwa anasimulia, tena bila shaka habari za daktari, maana alipomwona mlangoni alitabasamu kama mtu aliyeletewa shahidi.

"Huyu... ndiye... mwenyewe."

Wanawake wakacheka. Mmoja akamlalamikia daktari kwamba leo Redio ana maringo, tangu asubuhi anawakatia hadithi vipande vipande ili waikose raha. Wengine wakaunga mkono. Walidhani ni ufundi. Daktari aliyaona mabega yanayopanda na kushuka, kile kishimo cha chini ya koo kinachoingia ndani kila pumzi, na kile kipulizio cha bluu juu ya meza katikati ya vitana. Redio, ambaye kisa cha mashemeji alikitoa jana kwa pumzi moja, leo hawezi maneno matatu.

Akapiga magoti mbele yake.

"Mama, una pumu?"

Redio akamtazama kwa mshangao, kama kaulizwa kama ana pua.

"Si... ninayo. Nani... asiyejua?" Kisha akakionyesha kipulizio kwa kidevu. "Nimepuliza. Leo... hakishiki."

Kilichofuata kilikwenda haraka. Mwenye kichwa kilichosukwa nusu ndiye aliyekuwa na gari, na hakusubiri kuombwa. Akaendesha hivyo hivyo, upande mmoja wa kichwa umepangika na mwingine umesimama wima kwa hofu, akipiga honi njia nzima. Kwenye ngazi za kliniki wanawake wanne walimbeba Redio kwenye kiti cha plastiki cha saluni. Daktari akamvalisha barakoa ya hewa, akachanganya dawa za kufungua mapafu kwenye ile mashine ya mvuke, akaongeza na ile nyingine inayopita mlango ambao vidonge havikuufunga, akamchoma sindano, akakaa. Hakutoka. Aliita gari la hospitali kubwa lisubiri chini. Akawa anasikiliza mgongo, anatazama kidole chenye kipimo, anasikiliza tena. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa chuoni, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba anaogopa.

Nje, benchi lote lilikuwa kimya. Ajabu ya siku hiyo ni kwamba mtaa ulikuwa na habari kubwa kuliko zote na mtangazaji alikuwa amefungwa barakoa.

Taratibu ile filimbi iliyokuwa ikilia kifuani kila pumzi ikashuka. Kishimo cha kooni kikaacha kuingia. Rangi ikarudi midomoni. Baada ya muda mrefu Redio akaivuta barakoa pembeni kwa kidole kimoja, akavuta pumzi ndefu, na sentensi yake ya kwanza nzima ilikuwa:

"Sasa hiyo siri yenyewe ilikuwa nini?"

Daktari akamweleza. Hakuna siri. Alikuwa anauliza pumu, akaona haya kuitaja kwa jina. Redio akacheka mpaka ikabidi arudishiwe barakoa. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka tena kidogo, kwa kiasi fulani kwa sababu ya zile dawa za mvuke, na akasema afadhali itetemeke, atasuka mabutu makubwa, nani kafa kwa mabutu makubwa. Daktari akamwambia kuna dawa nyingine ya mikono, isiyogusa mapafu, wataizungumza akipona. Vile vidonge asivitie mdomoni tena. Kwa kuwa alimeza viwili tu, kuviacha hakuna neno.

Gari la hospitali likaondoka tupu. Daktari akatoka kwenda kunawa uso, na maji yakiwa yanamtiririka mikononi ndipo lilipomjia jambo jingine.

Swali lile hakumuuliza Redio peke yake. Alimuuliza kila mtu. Toka mwanzoni mwa mwaka, wenye mikono ya kutetemeka, wenye moyo wa kwenda mbio, wenye kichwa cha upande mmoja, wote aliowapa propranolol, aliwauliza kama wana kifua. Ni wangapi walijibu kuhusu siri? Ni wangapi walidhani anauliza kikohozi, wakasema hawana kwa kuwa siku hiyo hawakukohoa? Kwenye mafaili yote neno lilikuwa moja, hana, kwa mwandiko wake mzuri.

Akaenda kumwambia mzee wa dirishani. Mzee akatoa ushauri wa mtu anayempenda. Wasipige kelele. Watu wa vidonge hivyo watakuja wenyewe kuchukua vingine mwisho wa mwezi. Kila mmoja akifika dirishani, yeye mzee atamuuliza vizuri, kimyakimya. Redio kapona. Daktari bado kijana, jina lake ndiyo kwanza linashika. Jina likichafuka hapa halisafiki kwa sabuni.

Na kweli, aliutaka ushauri ule. Aliutaka sana. Alirudi chumbani kwa Redio akiwa ameshaanza kuukubali, akaketi kitandani miguuni pake, na uso ukamsema. Redio alikuwa mbea, hakuwa mjinga. Akamuuliza kinachomsumbua, na daktari, ambaye siku nzima hakuwa na wa kumwambia hofu yake, akamwambia yote.

Redio hakucheka safari hii. Aliinuka akakaa, akamshika mkono.

"Hili nitalifunika, mwanangu. Mengine yote sikuwahi, lakini hili naapa, halitatoka."

Alimaanisha. Ungemwona uso wake ungejua kwamba angalau mara moja maishani mwanamke yule angekufa na neno lake. Ndipo daktari alipotambua kwamba kama Redio angekuwa na kifua tangu jana, leo asubuhi mtu asingejua lolote, yeye angekuwa chumbani kwake anatibu majipu, na Redio angefia kwenye kigoda huku watu wakimsifu kwa kusimulia. Mwisho wa mwezi ulikuwa mbali sana.

"Usilifunike, mama," akasema. "Litangaze."

"Nikutaje?"

"Nitaje. Sema daktari alikosea kuuliza. Mwenye pumu, au aliyewahi kubanwa pumzi hata utotoni, na anakunywa vidonge hivi, aje kesho asubuhi. Akibanwa leo, aje leo hii hii."

Akamkabidhi kidonge kimoja akionyeshe. Akamsisitiza jambo jingine: waliovinywa muda mrefu wasivitupe wenyewe kwa hofu, waje navyo wapunguziwe kwa utaratibu. Akamfanya arudie, mara ya kwanza Redio akaongeza malaika na kilio, akamfanya arudie tena bila malaika. Kisha Redio akaomba simu yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, akasema, akaanza na mke wa mwenye duka la magodoro.

Jua halijazama habari ilikuwa imezunguka na kurudi. Ilirudi na nyongeza, ungetarajia nini? Kuna waliosikia kwamba daktari amelia mbele ya watu, kuna waliosikia kwamba amepiga magoti saluni, na hilo la pili lilikuwa kweli. Lakini ule uti wa mgongo haukuvunjika: pumu, vidonge, njoo, usitupe.

Asubuhi benchi lilijaa mpaka ngazini. Wengine walikuja kumtazama tu daktari anayekiri kosa, kama mtu anavyokwenda kutazama ndama wa vichwa viwili. Jamaa mmoja wa mazoezi, mapande ya mtu, alikuja kulalamika: yeye aliulizwa kama ana kifua akajibu anacho, tena akakitunisha, akanyimwa dawa ya moyo kwenda mbio na mpaka leo hajui kosa lake. Huyo alimchekesha daktari angalau kidogo. Wengine hawakumchekesha. Mama aliyekuwa akileta mtoto kupimwa uzito alikuja kuchukua kadi ya mtoto, akasema bila matusi kwamba ataipeleka kwingine, na daktari akampa kadi kwa mikono miwili na ikamuuma. Mzee wa dirishani alipita mlangoni akaona, akaendelea na kazi yake.

Wengi hawakuwa na pumu. Aliwauliza mmoja mmoja, kwa jina lenyewe, kwa sauti ya kusikika benchini, na walipojibu hapana akawauliza tena kwa njia nyingine: umewahi kubanwa usiku, umewahi kupiga filimbi ukipumua, kuna aliyekupa kipulizio? Foleni ikapungua. Akaanza kufikiri, kwa matumaini ambayo hata yeye aliyaonea aibu, kwamba labda alikuwa Redio peke yake.

Wa mwisho alikuwa fundi saa. Daktari alimsikia kabla hajamwona, maana alipumzika mara mbili kwenye ngazi. Alikuwa mzee mkavu, nadhifu, mwenye shati lililofungwa vifungo vyote, na alipofika mlangoni alishika fremu akangoja pumzi imkute. Daktari alimpa vidonge miezi mingi iliyopita, kwa sababu mkono ulikuwa ukidondosha skrubu zisizoonekana kwa macho. Mkono sasa ulikuwa umetulia. Aliutumia kupanga mezani, taratibu, pakiti ya vidonge, na kando yake vipulizio vitatu vya bluu.

Akaeleza kwa vipande kwamba hakutaka kumsumbua mtu. Alidhani ni uzee unaompandia kifuani. Kipulizio cha kwanza kilipoacha kumsaidia alidhani ameuziwa feki, akanunua cha pili kwingine, na cha tatu mbali zaidi, na mke wake alikuwa akimgombeza kwa kuacha kupanda ngazi za nyumbani, sasa wanalala sebuleni.

Daktari alisogeza kiti, akakaa mbele yake magoti yakikaribiana.

"Mzee wangu, una pumu?"

Fundi saa alimtazama bila hasira yoyote.

"Ninayo, binti yangu. Tangu mtoto," akasema. "Ndiyo kwanza unaniuliza."